Nani Amefukua Miche Yangu?

Maswali ya wasomaji kuhusu bustani za matunda

Barua tatu zilizochaguliwa mwezi huu zinatoka sehemu tofauti, lakini zote zinalalamikia jambo moja, nalo ni miche ya matunda inayofukuliwa na wanyama wa porini. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo wakulima wengi wa bustani huniuliza mdomoni kila ninapowatembelea.

SWALI

Shikamoo Bwana Shamba. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Kiwangwa, wilayani Bagamoyo. Nyuma ya nyumba nina bustani yenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 40, na mwezi uliopita nilipanda humo maotea 400 ya mananasi, migomba 12 na mipapai 30. Hazikupita wiki mbili nikaanza kukuta asubuhi maotea yameng'olewa, mengine yametafunwa ule moyo mweupe wa chini na majani yametupwa kando, na migomba mitatu imefukuliwa hadi kwenye tunguu. Mume wangu alizungushia matawi ya miiba, lakini mnyama anapita chini yake. Jirani mmoja anasema ni nungunungu, mwingine anaapa kwamba ni nguruwe pori, na wa tatu ameniletea dawa ya kuchanganya na mihogo ili nimalize shida hii mara moja. Nimeiweka juu ya kabati, sijaigusa. Naomba ushauri wako.

Msomaji, Kiwangwa

JIBU

Marahaba, dada yangu. Nianze na hiyo dawa iliyo juu ya kabati, kwa sababu ndiyo jambo la haraka kuliko mengine yote. Usiitumie, na leo hii iondoe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia kwa kupanda kiti. Mhogo uliotiwa sumu hauchagui wa kumuua: utaliwa na mbwa wa jirani, utadonolewa na kuku, na hata mtoto anayepita shambani akiwa na njaa anaweza kuuokota. Mnyama akishakufa, tumbusi na fisi watakaoula mzoga wake hufa naye. Tena sumu ni miongoni mwa njia za kuua wanyamapori zilizokatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, na anayepatikana nayo shambani hasikilizwi kwa sababu tu ya mananasi yake. Usiimwage chooni wala kisimani. Ifunge vizuri kama ilivyo, umpelekee afisa kilimo wa kata yako akuelekeze namna ya kuiteketeza.

Sasa tuje kwenye ubishi wa majirani zako. Huenda mmoja wao yuko sahihi, na huenda wote wamekosea, lakini usitumie hata shilingi moja kununua waya kabla hujajua anayefukua ni nani, kwa kuwa uzio unaomzuia nungunungu unaweza kuangushwa na nguruwe pori kwa usiku mmoja. Ardhi yenyewe itakuambia. Amka kabla jua halijapanda na kabla kuku hawajafunguliwa, uinamie pale palipofukuliwa, utazame mambo manne: umbo la shimo, alama za meno, nyayo, na kinyesi.

Nungunungu hufukua vishimo vidogo vyenye umbo la bakuli, kimoja kwa kila mche, na huacha udongo wa katikati ya mistari ukiwa haujaguswa. Shina au tunguu alilotafuna hubaki na mifereji miwili mipana iliyokaa sambamba, kama iliyokwanguliwa kwa patasi. Nyayo zake zinafanana na kiganja cha mtoto mdogo mwenye kucha ndefu, na kinyesi chake ni kama kokwa za tende zilizoshikana. Mara nyingi ataacha mwiba mmoja au miwili njiani, kwa maana miiba yake hudondoka yenyewe. Nguruwe pori ni tofauti kabisa. Huja kwa kundi, na mahali walipopita huonekana kama palipolimwa: udongo umepinduliwa kwa pua eneo pana, miche imelala huku na huko, iliyoliwa na isiyoliwa, na kwato zilizogawanyika katikati zimechapa kila mahali. Tazama pia miti ya karibu, kwa sababu wakitoka matopeni hujisugua na kuacha matope makavu kwenye magome. Ngiri naye hufukua, lakini hufanya kazi yake mchana, na kwa kuwa hula akiwa amepiga magoti ya mbele, utaona alama za magoti hayo karibu na shimo.

Kuna uwezekano mwingine ambao majirani zako hawakuutaja. Ukikuta shimo refu kwenda chini, la kutosha kuingiza mkono hadi begani, na mche umeng'oka lakini haukutafunwa hata kidogo, huyo huenda ni mhanga, yule mnyama wa usiku mwenye pua ndefu, ambaye hana haja na nanasi lako. Anatafuta mchwa na sisimizi. Nguchiro na nyegere nao hufukua kwa ajili ya wadudu, ingawa mashimo yao ni mafupi. Katika hali hiyo kosa linaweza kuwa kwenye matandazo: mkulima ametandaza majani makavu na vipande vya miti hadi kwenye shina, au ametia samadi mbichi ndani ya shimo, mchwa na mabuu yakajaa, na mnyama akafuata chakula chake. Hapo dawa si uzio. Vuta matandazo umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, tumia samadi iliyooza ikawa kama udongo mweusi usio na harufu, na wiki chache baadaye anayefukua atakuwa ameshahamia kwingine.

Kama bado una shaka, chukua majivu au mchanga laini, upepete, kisha uutandaze jioni kwenye kila upenyo ambao mume wako anaona mnyama anapita, upana wa mita moja. Asubuhi nyayo zitakuwa zimechapwa wazi. Fanya hivyo kwa siku tatu mfululizo, kwa kuwa nungunungu halazimiki kuja kila usiku.

Kwa maelezo uliyoandika, yaani moyo uliotafunwa, majani yaliyotupwa kando, na mnyama anayepita chini ya miiba, mimi namshuku nungunungu. Nitaendelea nikichukulia kwamba ni yeye, halafu nitasema cha kubadilisha ikiwa nyayo zitaonyesha kwato.

Nungunungu ni mfukuaji. Hapandi uzio, haruki, na mara chache atasukuma kitu kizito, bali hufuata chini ya uzio hadi apate mahali palipolegea, kisha akachimba hapo. Kwa hiyo sehemu ya uzio iliyo ardhini ina thamani kuliko ile inayoonekana, na ndiyo maana miiba ya mume wako, hata angeirundika ifike shingoni, isingesaidia. Chimba mtaro wenye kina cha sentimita 40 kuzunguka eneo lote. Shusha wavu wa chuma ndani ya mtaro, na sentimita 30 za mwisho zikunje zielekee nje ya bustani, zilale chini ya udongo kama wayo wa mguu. Kisha fukia na ushindilie. Mnyama huchimba pale pale uzio unapokutana na ardhi. Akikutana na waya uliolala huhangaika, hajui kwamba anapaswa kurudi nyuma hatua moja ili aupite. Juu ya ardhi, sentimita 90 zinamtosha.

Wavu wa kuku usiununue kwa kazi hii, hata kama muuzaji atakuambia ni imara. Nungunungu ana meno yanayotafuna mifupa mikavu ili kuyanoa, na waya mwembamba wa banda la kuku ataukata. Tafuta wavu uliochomelewa, wenye waya wa unene wa milimita 2 au zaidi na matundu yasiyozidi sentimita 5.

Najua unachofikiri: bustani yako ina mzunguko wa mita 140, na bei ya waya wa mita 140 ni mzigo mkubwa kwa nyumba. Lakini huna haja ya kuzungushia bustani nzima. Mananasi ukiyapanda kwa mistari miwili miwili, sentimita 30 kati ya mche na mche, sentimita 60 kati ya mistari miwili iliyo jirani, na njia ya sentimita 90 kabla ya jozi inayofuata, maotea 400 yatakaa katika eneo la mita 9 kwa 10. Mzunguko wa eneo hilo, pamoja na nafasi kidogo ya kupita, haufiki mita 45. Yahamishe yote yaingie humo. Mipapai na migomba izungushie mmoja mmoja au kwa vikundi, kila mche na kizimba chake chenye upana wa hatua moja, kilichozikwa kama nilivyoeleza. Mpapai usiuache bila kizimba hata baada ya kukua, kwa sababu nungunungu hutafuna gome na nyama laini ya shina kwa chini, na mti wenye matunda tayari huanguka kwa upepo mdogo.

Halafu kuna lango. Nilitembelea bustani moja huko Mkuranga ambayo mwenyewe alikuwa amejenga uzio mzuri unaofika kifuani, umezikwa barabara pande zote nne, na bado mipapai yake ilikuwa inaliwa. Tuliuzunguka uzio mara mbili bila kuona kitu. Nilipopiga magoti mbele ya lango nikaona uwazi wa kupitisha kiganja kilichosimama, udongo wa chini yake umelainika na kung'aa kwa kupitwa kila usiku, na kwenye ubao wa chini wa lango umenasa mwiba mmoja mweusi na mweupe. Alikuwa amezuia kila mahali isipokuwa mlangoni. Kwa hiyo chini ya lango lako zika kizingiti: gogo gumu, mawe makubwa yaliyopangwa, au zege kama uwezo upo, kiende chini sentimita 40 sawa na wavu, na lango likifungwa likikalie bila kuacha upenyo.

Ikiwa nyayo zitakuwa za nguruwe pori, mtaro na mkunjo wa wavu vinabaki vile vile, ila nguzo ziwe imara zaidi, zisimame kila baada ya mita mbili, urefu wa uzio ufike mita 1.2, na uongeze mstari mmoja wa waya wa miba unaogusa ardhi kwa upande wa nje. Mnyama huyu huinua uzio kwa pua, na waya wa miba humfanya asite. Kwa nguruwe pori pia usiende peke yako usiku na tochi kuwafukuza, hasa wakiwa na watoto, kwani dume au jike aliyebanwa hushambulia. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji ili ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Usijenge matumaini juu ya kifuta jasho, kwa maana malipo hayo yaliwekwa kwa uharibifu wa wanyama hatari kama tembo, kiboko na nyati.

Wengine watakushauri ufuge mbwa mkali. Mbwa anasaidia kwa kubweka tu, naye afungwe. Si kweli kwamba nungunungu hurusha miiba kama mishale, lakini akibanwa husimamisha miiba, hugeuza mgongo na kurudi kinyumenyume kwa nguvu, na mbwa aliyemkabili hubaki na miiba usoni na shingoni ambayo huzidi kuzama ndani kila anapojitikisa. Nimewaona mbwa wawili waliopoteza jicho namna hiyo, na sitaki mbwa wako awe wa tatu. Kuhusu kupiga madebe na kuwasha taa, hufanya kazi kwa siku chache, kisha mnyama huzoea. Pilipili ya unga huondolewa na mvua ya kwanza.

Uzio wa mimea nao una faida, ila si kwa msimu huu. Mkonge uliopandwa kwa mistari miwili inayopishana, au mchongoma uliokatwa mara kwa mara ili ujazane chini, unaweza kuwa ukuta mzuri baada ya miaka mitatu au minne; anza kuupanda sasa nje ya wavu, ili wavu utakapoliwa na kutu uzio wa mimea uwe umeshakomaa. Ukitumia mnyaa, watoto wasiuchezee, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya.

Mwisho, maotea yaliyong'olewa usiyatupe. Oteo la nanasi ni gumu, na likikaa kivulini siku kadhaa bila udongo halifi. Kagua kila moja: ambalo moyo wake umeliwa liondoe, na ambalo limeng'olewa tu likate mizizi iliyonyauka, libandue majani matatu au manne ya chini, lianike kitako juu ili kidonda kikauke kwa siku mbili, kisha lipande tena ndani ya uzio. Tunguu la mgomba lililoliwa nusu, kama chipukizi lake bado lina uhai, likwangue sehemu iliyochubuka na kulipanda siku hiyo hiyo. Mpapai uliokatwa mzizi mkuu hauponi, kwa hiyo sia mbegu mpya kwenye mifuko, uitunze barazani hadi uzio ukamilike. Usipande kwanza ukajenga uzio baadaye. Udongo uliolimwa karibuni na kumwagiliwa ni laini, una harufu, na ndio unaomwita mfukuaji wakati ardhi ya porini imekauka na kuwa ngumu.

SWALI

Mzee wetu, hujambo? Nimepanda miparachichi 60 ya kupandikizwa katika kaunti ya Murang'a. Ina umri wa mwaka mmoja na nusu. Kumi na mmoja kati ya hiyo imeinama na kunyauka, na nikiuvuta mti unatoka mkononi kama uliochomekwa tu. Kuna vifungu vya udongo hapa na pale, lakini sioni shimo lolote. Ni fuko? Nifanyeje?

Mkulima kijana, Murang'a

JIBU

Sijambo, mwanangu. Kabla hujamhukumu fuko, osha mizizi ya mti mmoja uliotoka mkononi uitazame juani. Ikiwa imekatwa kwa usafi na ina alama za meno, ni fuko. Ikiwa imebaki lakini ni myeusi, inavunjika kirahisi na gome lake linabanduka ukiipangusa, huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao huupata mparachichi kwenye udongo unaotuama maji, na mitego yote ya Murang'a haitautibu. Wakulima wengi wametega fuko miezi mitatu huku miti ikiendelea kufa kwa maji.

Vile vifungu vya udongo bila shimo ni alama ya fuko kweli, kwa sababu yeye huziba mlango wake nyuma yake. Hapendi upepo wala mwanga ndani ya njia yake, na udhaifu wake uko hapo hapo. Chimba taratibu kati ya vifungu viwili vibichi hadi uione njia, uifungue upana wa kiganja, uondoke. Ukirudi baada ya saa chache, au kesho yake, na kukuta imezibwa kwa udongo mpya, njia hiyo inatumika. Wategaji wa fuko hutega papo hapo kwa kitanzi na ufito uliopindwa, nao wanajua kazi yao kuliko mimi. Mtafute mmoja wa kijijini kwako umlipe kwa kila fuko, usinunue gesi wala dawa ya kufukiza. Fuko huishi peke yake katika njia zake, hivyo akikamatwa mmoja eneo hilo hupumzika. Lakini njia zikiachwa wazi fuko mwingine huzirithi, kwa hiyo zibomoe na kuzishindilia hadi mwisho unaoweza kuufikia.

Kwa miche utakayopanda kujaza mapengo, tandika shimo kwa wavu wenye matundu ya sentimita 2 hivi kabla ya kurudisha udongo. Shimo liwe na upana usiopungua sentimita 60 na wavu uchomoze juu ya ardhi sentimita 10. Usibane zaidi ya hapo, kwa maana mti ukikua mizizi itanyongwa. Hapa wavu mwepesi unafaa, tofauti na nilivyomwambia dada wa Kiwangwa, kwa sababu unataka uoze kwa kutu baada ya miaka michache, mti ukiwa umeshajishikilia. Na ikiwa umepanda viazi vitamu katikati ya mistari ya miparachichi, vihamishe. Fuko amefuata viazi, na mizizi ya parachichi ameikuta njiani.

SWALI

Bwana Shamba, hapa kwetu Sagalla, karibu na Voi, kuna wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu, na imewafaa. Je, nikiitundika kuzunguka matikiti yangu itawazuia pia nungunungu wanaoyafukua?

Msomaji, Taita-Taveta

JIBU

Haitawazuia, ndugu yangu. Uzio wa mizinga, uliotokana na utafiti wa Lucy King huko Kenya, unafanya kazi kwa sababu ndovu anaijua sauti ya nyuki na anaogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga, na kwa sababu mwili wake mkubwa hugusa waya unaounganisha mizinga ikayumba. Nungunungu anapita chini kabisa ya waya huo bila kuugusa, tena usiku, nyuki wakiwa wametulia ndani. Ukitundika mizinga kwa ajili yake peke yake, huenda ukamwongeza nyegere, ambaye huifuata asali na kufukua akiwa njiani. Ikiwa ndovu nao wanakusumbua, weka mizinga kwa ajili yao, itundike kwa waya kwenye nguzo zilizovikwa bati ili nyegere asipande, na kwa matikiti zika wavu kama nilivyoeleza katika jibu la kwanza. Matikiti hutambaa, kwa hiyo unapopima uzio wako kabla ya kupanda, hesabu mashina yatakayofika mita mbili, si ukubwa wa miche ya siku hiyo.